Mchezaji anaongoza maombi kabla ya mechi, halafu anavuta bangi. Dini inamzuia nini hasa?

#1 kocha_mdogo
Wakuu salaam.

Nafundisha vijana wa chini ya miaka 20 huku Temeke. Kabla ya mechi tunashikana mikono, Mwislamu anasoma dua, Mkristo anaomba, tunaingia uwanjani. Kinara wa maombi upande wa Wakristo ni kiungo wangu mmoja, kijana anayeomba mpaka wenzake wanalengwa na machozi. Wiki iliyopita nimemkuta nyuma ya choo cha uwanja na wenzake wawili, msokoto unazunguka. Hakuomba nisimfukuze timu. Alichosema ni hiki tu: "Kocha, naomba mchungaji asijue."

Hapo ndipo nikaanza kuwaza. Kijana huyu bia hagusi, na ukimtania kuhusu bia anakasirika kweli. Lakini bangi anavuta, na kuberi, ile tumbaku, anaweka mdomoni kabla ya mazoezi.

Hoja yangu: imani inamzuia mchezaji kwa kile ambacho mahubiri yamekitaja kwa jina. Pombe imetajwa sana, kwa hiyo anaikwepa. Kuberi haijatajwa. Vidonge na sindano za kuongeza nguvu ndiyo kabisa, sijawahi kusikia mahubiri wala hotuba ya Ijumaa inayozigusa. Waliocheza na wanaofundisha, semeni: imani inamlinda mchezaji na vilevi na dawa, au tunajidanganya?

#2 Jembe Kali
Kwanza tuambie umemfanya nini huyo dogo. Ukishajibu ndiyo tujadili dini.

#3 ustadhi77
Waalaykum salaam kocha. Hoja yako ina upungufu. Imani ikiingia moyoni inamlinda mtu, na mifano iko wazi.

Mei 2012 Yaya Touré kafunga mabao mawili Manchester City wakiishinda Newcastle 2-0, wakampa chupa ya shampeni ya mchezaji bora mbele ya kamera. Akairudisha, akasema yeye ni Mwislamu hanywi, chupa ikaenda kwa mwenzake Lescott. Baada ya hapo Ligi Kuu ya Uingereza ikaacha kutoa chupa, ikawa inatoa kikombe kidogo. Mtu mmoja na imani yake!

Januari 2022 Australia wamewapiga Waingereza kwenye kriketi kule Hobart. Wachezaji wanarushiana shampeni jukwaani, Usman Khawaja, ambaye ni Mwislamu, kasimama pembeni. Nahodha Pat Cummins akaliona hilo, akawaambia wenzake waweke chupa chini, akamwita Khawaja aje kwenye picha. Imani ya mtu mmoja imebadilisha tabia ya timu nzima.

Na akina Touré hawajawahi kuguswa na kashfa za dawa.

#4 Chuma cha Pua
Ustadhi hapo mwisho umeteleza. Kolo Touré, kaka yake Yaya, alifungiwa miezi 6 mwaka 2011 akiwa Manchester City. Alimeza vidonge vya kupunguza unene vya mke wake. Kumbukumbu zipo.

Na Yaya mwenyewe Desemba 2016 alikiri mahakamani London kuendesha gari akiwa amezidi kiwango cha pombe. Alipigwa faini ya pauni 54,000 na kunyang'anywa haki ya kuendesha kwa miezi 18. Ili tusimwonee, alisema hakukusudia kunywa, ila hakupinga shtaka kwa sababu vipimo vilionyesha amezidi.

#5 ustadhi77
Chuma, Kolo si Yaya. Na Yaya kasema hakukusudia. Kwetu amali huhesabiwa kwa nia. Mtu akinyweshwa bila kujua, huwezi kumwita mlevi. Vidonge vya Kolo havikuwa kilevi wala hakuvimeza ili amzidi mtu mbio. Mfano wangu unasimama.

#6 Bint Ngazija
Ustadhi, shikamoo. Mfano wako unasimama, lakini unasimama upande wa kocha.

Angalia. Kolo ni Mwislamu, ukimwekea glasi ya mvinyo mezani anaisogeza pembeni bila kufikiri mara mbili, kwa sababu tangu mdogo kafundishwa. Kidonge kilichokuwa kwenye kabati la nyumbani hakikumshtua, maana hakuna aliyemfundisha kukiogopa. Ulinzi ulikuwepo, lakini ulikuwa mlango mmoja tu na nyumba ina milango mingi. Kocha ndicho alichosema pale juu.

#7 Dokta Mtaani
Mimi niko dirishani kwenye duka la dawa, nawahudumia wachezaji wa mitaani kila wiki. Niongezee nyama kwenye alichosema Bint Ngazija.

Kuna kundi la dawa za kukojoza, wengi wenu mama zenu wanazitumia kwa presha au miguu kuvimba. Zinatoa maji mwilini. Mchezaji haruhusiwi kwa sababu mbili: zinashusha uzito haraka (mabondia wanalijua hili), na zinaongeza maji kwenye mkojo mpaka dawa nyingine iliyomo inakuwa ngumu kuonekana. Zimepigwa marufuku wakati wote, hata siku ambayo huna mechi.

Sasa tazameni. André Onana, kipa, alikutwa na furosemidi, moja ya dawa hizo, mwaka 2020 akiwa Ajax. Alisema alichanganya na dawa ya mke wake. UEFA ilimpa miezi 12, mahakama ya michezo ikashusha hadi 9. Ruth Chepngetich wa Kenya, aliyekimbia marathoni ya Chicago Oktoba 2024 kwa saa 2:09:56, rekodi ya dunia ya wanawake, amefungiwa miaka 3 mwaka 2025 kwa dawa ya kundi hilihili. Aliwaambia wachunguzi kwamba aliugua akameza dawa ya mfanyakazi wake wa ndani.

Sisemi nani mkweli. Ninachosema ni kwamba kanuni haijali umeipataje. Kikikutwa mwilini mwako, ni chako. Hapo nia ya ustadhi inapunguza miaka tu, haifuti kosa.

Na dirishani mchezaji wa dini na asiye wa dini wanauliza swali lilelile: "Hii inamaliza maumivu haraka?" Sijawahi kuulizwa "hii inaruhusiwa?"

#8 Mtoto wa Iten
Hamjambo. Mimi ni Mkenya, nimelelewa Elgeyo Marakwet, nimekimbia kidogo na nimekaa kambini sana.

Nyinyi mnadhani dini na pufya (dawa za kuongeza nguvu) zinakaa nyumba tofauti. Kwetu zinakaa chumba kimoja. Riadha ya Iten yenyewe imejengwa na wamisheni kwa sehemu kubwa. Bradha Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika shule ya St Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia, akaishia kuwafunza mabingwa, David Rudisha akiwemo. Jumapili hakuna mazoezi makali, watu wako kanisani. Mwanariadha akishinda, neno la kwanza ni kumshukuru Mungu. Akishindwa, neno la kwanza ni hilohilo.

Na tangu 2012 hivi, zaidi ya wanariadha 100 wa Kenya wameadhibiwa. Rita Jeptoo alishinda marathoni ya Boston 2013 na 2014, akapatikana na EPO, sindano ya kuongeza damu, kwenye kipimo cha Septemba 2014. Asbel Kiprop, bingwa wa dunia wa mita 1500 mara tatu, akapatikana na EPO hiyohiyo, miaka 4. Mwaka 2022 tulikaribia kufungiwa nchi nzima mpaka serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano.

Sababu naijua, na haiko kanisani. Ni pesa. Boston mwaka ule mshindi alichukua dola 150,000. Kijana ametoka familia ya shamba la ekari mbili, ana kaka saba wanaomngoja, na ana miaka mitatu ya kukimbia vizuri kabla goti halijaisha. Anayekuja na sindano haji na pembe kichwani. Anakuja kama daktari, anaiita dawa ya damu. Kweli EPO ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa figo wanaopungukiwa damu, kwa hiyo hadanganyi moja kwa moja. Kijana anaomba, anadungwa, anaomba tena.

#9 mnazi_damu
Wakenya bwana, mmefungua kanisa na duka la dawa mlango mmoja 😂 Sisi huku wasafi.

#10 Mtoto wa Iten
@mnazi_damu wasafi au hampimwi? Anayepimwa mara kumi kwa mwaka na asiyepimwa kabisa hawawezi kulinganishwa. Leteni mita 1500 kwanza, usafi tutauzungumza baadaye.

#11 Mwanasabato
Bwana asifiwe. Natoka Kisii, niko Mwanza kikazi.

Simkatalii Mtoto wa Iten kuhusu pesa, ila kuna kitu amekiruka. Nimecheza voliboli ya taasisi, timu yetu ilikuwa na Wasabato wanne. Sisi pombe hapana, sigara hapana, wengine hata chai ya majani na kahawa hawanywi. Hatukuwa watakatifu kuliko wengine. Baada ya mechi wenzetu walikwenda baa, sisi tulikwenda kwa mzee wa kanisa kula ugali na kuimba. Nasema hivi kwa sababu mwaka mmoja nilihamishwa kituo ambacho hakikuwa na Msabato mwingine. Imani yangu ilikuwa ileile, Biblia ileile. Miezi michache tu nikawa nakaa baa na soda mkononi, halafu si soda tena.

Kwa hiyo kocha, swali lako liwe: baada ya mazoezi vijana wako wanakwenda wapi, na nani?

#12 Chuma cha Pua
Mwanasabato hapo umenigusa. Wanariadha wengi walioharibikiwa na pombe waliharibikiwa walipokuwa peke yao na pesa nyingi.

Henry Rono, Mnandi, mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Olimpiki hakukimbia hata moja, 1976 na 1980 Kenya ilisusia. Akabaki Marekani, pombe ikamchukua, akafika mahali hana pa kulala. Alisimulia mwenyewe wazi mpaka alipofariki Februari 2024. Samuel Wanjiru alishinda marathoni ya Beijing 2008 kwa 2:06:32 akiwa na miaka 21, na Mei 2011 alikufa kwa kuanguka kutoka ghorofani nyumbani kwake Nyahururu. Kifo chake kilibishaniwa sana, ila kwamba pombe ilikuwa imemsumbua halikuwa siri kwa mtu.

Hawa wote wamekulia nchi yenye makanisa kila kona. Aliyekosekana ni mtu wa kumgongea mlango Jumatatu asubuhi.

#13 kocha_mdogo
@Jembe Kali nimemsimamisha mechi mbili na tunaonana kila Alhamisi kuzungumza. Mchungaji sijamwambia. Bado natafakari kama ni haki yangu kumwambia.

@Mwanasabato swali lako nimelichukua. Ukweli ni kwamba baada ya mazoezi wanakwenda kijiweni, na kijiwe kiko hatua chache kutoka kanisani.

#14 RasKimara
Heshima kwenu wote. Naona mnaitaja bangi kama dhambi moja kwa moja, mimi ni Rasta na kwetu ni sehemu ya ibada. Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2019 ilikubali kwamba Urastafari ni dini, katika kesi ya binti aliyefukuzwa shule kwa sababu ya rasta zake. Sasa mwanamichezo Rasta anayevuta kwa ibada na asiyevuta siku ya mechi, amemwibia nani? Anayetumia EPO anaiba medali. Anayevuta jani Jumapili usiku haibi chochote. Msichanganye.

#15 Dokta Mtaani
Ras, nikujibu kwa kanuni, mambo ya dini nakuachia.

Bangi inakatazwa kipindi cha mashindano tu, tofauti na EPO. Tangu 2013 kiwango kilipandishwa kutoka nanogramu 15 hadi 150 kwa mililita, hivyo aliyevuta siku nyingi nyuma mara nyingi hanaswi. Tangu 2021 bangi, kokeini, heroini na MDMA zimewekwa kundi la peke yake: ukithibitisha ulitumia nje ya mashindano na si kwa ajili ya mchezo, adhabu ni miezi 3, na ukimaliza matibabu inashuka hadi mwezi 1. Sha'Carri Richardson, mkimbiaji wa Marekani, alipata mwezi mmoja mwaka huohuo kwa bangi, akaikosa mita 100 ya Olimpiki ya Tokyo.

Kibali cha kutumia dawa iliyokatazwa kipo, lakini ni kwa sababu ya ugonjwa. Kibali cha sababu ya ibada hakipo. Kwa hiyo Rasta yuko sawa na mtu mwingine yeyote.

Kuna jambo wengi hawalijui. Dawa inaingia kwenye orodha ikitimiza mambo mawili kati ya matatu: inaongeza uwezo, inahatarisha afya, inakiuka maadili ya roho ya michezo. Hilo la tatu halipimwi maabara. Mwaka 2022 WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, walipitia upya suala la bangi wakaiacha kwenye orodha, na hilo la tatu ni miongoni mwa sababu.

#16 RasKimara
Asante Dokta. Kwa hiyo nao wana imani yao, na imani yao imeshinda yangu. Nimeelewa.

#17 Kijana wa Tanga
Mnazunguka tu, tuongee mirungi. Pwani hii nimecheza mpira na watu wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, wanaswali tano, na usiku kabla ya mechi wako na kifurushi wanatafuna mpaka alfajiri. Wanaswali Alfajiri macho makavu, saa kumi wako uwanjani. Ukimwuliza anakwambia "hii si pombe, hailevyi, inakesha tu."

Tena sheria zenyewe zinagongana. Huku kwetu mirungi ni dawa ya kulevya kwa sheria ya 2015, unafungwa. Ukivuka Horohoro ukaingia Kenya ni zao la biashara, lina hadi kamati. Uingereza waliipiga marufuku Juni 2014. Ustadhi, tupe msimamo.

#18 Dokta Mtaani
Kwa upande wa vipimo: mirungi ina kathinoni na kathini, vyote vichangamshi, vimekatazwa kipindi cha mashindano. Kathini ina kikomo, mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Mtu aliyetafuna usiku kucha halafu akacheza jioni anajiweka pabaya, hata kama kwao ni halali.

#19 ustadhi77
Kijana wa Tanga, masheikh wamehitilafiana juu ya mirungi, nami siwezi kukuficha hilo. Kuna wanaoiharamisha kwa madhara yake na kwa mali inayopotea, kuna wanaoiona makuruhu. Mimi niko na wa kwanza, kwa sababu nimeona nyumba zikikosa unga wa asubuhi wakati baba ana mirungi ya jioni.

Lakini kwa dawa za kuongeza nguvu mashindanoni sihitaji hitilafu. Mtume (S.A.W.) amesema mwenye kutughushi si miongoni mwetu. Anayechoma sindano ili apokee zawadi ya aliyekimbia kwa jasho lake ameghushi. Pesa ile ni haramu. Kwa hiyo kocha, dini imelitaja. Sisi wahubiri ndio hatujalisema, na hapo nakubaliana na wewe.

#20 Mwanasabato
Na kwetu 2 Timotheo 2:5: mshindani hapewi taji asiposhindana kwa halali. Wahubiri wetu hutumia mstari huo kwa mambo ya rohoni, mara chache mtu anakumbuka kwamba Paulo alikuwa anazungumzia wanamichezo kweli.

#21 mnazi_damu
Wakuu mimi nina swali zito mnaliacha. Mnamlaumu dogo wa Temeke, mmesahau Simba na Yanga wamevaa Kilimanjaro Lager kifuani miaka kadhaa? Taifa Stars nayo imepita kwa kampuni za bia. Mwaka 2017 zikaja jezi za kampuni ya kubeti, kote Simba na Yanga. Kikosi nusu Waislamu, asubuhi wameswali, jioni wanatangaza bia na kamari, vitu viwili vilivyotajwa pamoja kwenye Kurani, Sura ya 5 aya ya 90.

Frédéric Kanouté alipokuwa Sevilla mwaka 2006 alikataa nembo ya kampuni ya kamari, akacheza mwanzoni na jezi isiyo nayo. Hashim Amla wa Afrika Kusini alicheza kriketi miaka yote bila nembo ya bia ambayo wenzake wameivaa. Kwetu nani amethubutu?

#22 Jembe Kali
Kanouté alikuwa Kanouté. Wetu akikataa jezi, mshahara wa mwezi huo unafuata njia ya jezi. Tusiwabebeshe wachezaji mzigo wa viongozi.

Na tukianza kuulizana imani, tutafika kwenye kamati za ufundi, zile za uganga. Timu inaomba vyumbani, halafu inaingia uwanjani kwa mlango usio rasmi, faini inapigwa. Mchezaji anayeamini maji ya mganga yatamfungia kipa, utamshawishi vipi kwamba kidonge cha jirani ni hatari?

#23 Mama Loy
Habari zenu wanangu. Nimesoma kuanzia juu, sikutaka kuchangia ila #22 imenifanya niandike.

Mwanangu anakimbia mita 400, ana pumu tangu ana miaka sita. Ana kile kipuliza cha bluu. Alipoanza kushinda shuleni tukampeleka kwenye maombi, nabii mmoja akamwambia ameshapona, akitumia kipuliza anaonyesha hana imani. Akampa chupa ya mafuta apake kifuani. Mwanangu akaacha dawa kimyakimya. Mashindano ya kanda alianguka kwenye mstari wa mwisho, midomo imekuwa ya bluu, mwalimu akambeba mgongoni hadi kwenye gari.

Hospitali ndipo daktari akanieleza kwamba dawa ile inaruhusiwa hata kwenye Olimpiki ukipuliza kwa kipimo. Mwanangu alidhani anajitakasa na dawa za kulevya! Kwenye kichwa chake kila dawa ilikuwa dhambi. Nyinyi mnasema mahubiri hayajataja dawa, kwangu yalitaja zote kwa pamoja.

Bado tunasali. Tumehama pale.

#24 Dokta Mtaani
Pole sana mama, na asante kwa kueleza. Daktari alisema kweli: salbutamoli ya kuvuta inaruhusiwa hadi mikrogramu 1600 kwa saa 24, ila isizidi 600 ndani ya kila saa 8. Mfundishe ahesabu mipulizo na aweke karatasi ya daktari kwenye begi la mazoezi.

#25 Bint Ngazija
Mama Loy pole.

Mimi naongeza jambo moja ambalo halijasemwa: aibu. Kaka yangu alicheza ligi ya Zanzibar, beki wa kushoto, sauti nzuri ya kusoma Kurani. Akaingia kwenye unga. Familia ya dini kama yetu iligundua mapema, lakini tulificha kwa sababu watu wangesema nini. Tulimfungia ndani, tukamsomea, akatoka, akarudi kulekule. Tungekuwa familia isiyojali sifa pengine tungemtafutia matibabu miaka mitatu kabla. Imani ilimfanya yeye aone anastahili kufa, na ikatufanya sisi tunyamaze.

Halafu imani hiyohiyo ndiyo iliyomsimamisha. Alikaa nyumba ya kuachia dawa, wanafuata zile hatua kumi na mbili, ya pili yake ni kukiri kwamba kuna Nguvu kubwa kuliko wewe inayoweza kukurudishia akili. Mtu aliyelelewa msikitini hatua hiyo haimpi shida. Rafiki yake aliyekuwa hasali alikwama hapohapo.

Kwa hiyo msiniulize inasaidia au haisaidii. Kwetu imefanya yote mawili, kwa mtu mmoja.

Kaka sasa anafundisha watoto mpira. Anaulizia kama anayetumia methadoni, ile dawa ya kuachia unga, anaruhusiwa kucheza ligi ya maveterani?

#26 Dokta Mtaani
Methadoni imo kwenye kundi la narkotiki, imekatazwa kipindi cha mashindano. Mtu aliye kwenye tiba, kama hawa wa Muhimbili tangu 2011, anatakiwa kuombewa kibali na daktari wake pale anapocheza mashindano yenye vipimo. Maveterani wa mtaani hakuna anayewapima, acheze kwa amani.

#27 Chuma cha Pua
Bint umenikumbusha Tyson Fury, bondia wa Uingereza. Alipopigwa na kokeini, pombe na sonona mwaka 2016 aliachia mikanda aliyobaki nayo, na hata kipindi hicho alikuwa mtu wa kumtaja Yesu kila akishika maikrofoni. Alianguka akiwa muumini, akainuka akiwa muumini, Februari 2020 akampiga bondia Deontay Wilder raundi ya saba. Ukitaka kuthibitisha dini inasaidia unamtumia Fury. Ukitaka kuthibitisha haisaidii, unamtumia Fury yuleyule.

#28 Mtoto wa Iten
Fury alikuwa ameshatajirika. Nirudisheni kwa kijana wa ekari mbili. Bado hakuna aliyenijibu: ukimwambia EPO ni ghushi na pesa yake haramu, na jirani yake aliyedungwa amejenga nyumba ya ghorofa na anakaa kiti cha mbele kanisani, atakuamini wewe au atamwamini jirani?

#29 ustadhi77
Hapo kosa ni la anayempa kiti cha mbele. Sadaka inapokelewa bila kuulizwa imetoka wapi, misikitini na makanisani sawasawa.

#30 Mwanasabato
Mkimwondoa kwenye kiti cha mbele mtamwonaje akitaka kutubu?

#31 Kijana wa Tanga
Jamani nataka kuuliza la mwisho kabla sijalala. Ramadhani, mchezaji amefunga, wapimaji wamekuja saa nane mchana, hawezi kunywa maji, mkojo hautoki. Anaweza kuomba waje usiku?

#32 Dokta Mtaani
Hawaahirishi kwa ajili ya swaumu, na akikataa kupimwa ni kosa kama la kukutwa na dawa. Ila hawamlazimishi kunywa. Wanahitaji mililita 90. Zisipotimia wanakaa naye, hawamwachi macho, hata ikifika magharibi afuturu wakiwepo, anywe vinywaji vilivyofungwa ambavyo anavifungua mwenyewe, ndipo atoe. Anaweza kuswali pia, mmoja wao atasimama mlangoni.

#33 Kijana wa Tanga
Shukran. Na mirungi ya daku je? 😂

#34 ustadhi77
Kijana, lala.